Panya wa kisiwani: kutengwa hakusafishi damu

SWALI: Nafuatilia panya wa nyumbani waliogeuka wa porini kwenye kisiwa kidogo. Wanaozaa hawazidi 50. Wamejitenga vizazi vingi na bado wanazaana vizuri. Je, jeni zenye madhara si zimeshachujwa zikaisha?

JIBU: Hazijaisha. Dhana hii naisikia kila mara, na inaniudhi kwa sababu nusu yake ni kweli. Ndugu wakipandana, jeni mbaya iliyojificha hukutana na nakala yake, kitoto hufia tumboni, nayo hupungua. Lakini mchujo huo hunasa zile zinazoua waziwazi. Palipo na wazazi 50, jeni inayopunguza uzazi kwa chini ya asilimia 1 hivi haichujwi; inapanda na kushuka kwa bahati tu. Nyingine hupanda mpaka kila panya anayo, na hapo haibaki nakala nzima ya kuishinda.

Hata inayoua huponyoka. Kwenye kromosomu ya 17 ya panya hawa kuna kipande kiitwacho t. Dume mwenye nakala moja anaweza kuwarithisha zaidi ya asilimia 90 ya watoto wake badala ya nusu, ingawa kitoto chenye nakala mbili mara nyingi hufa kabla ya kuzaliwa.

Ukitaka kujipimia, ndani ya kizimba cha kufugia pandisha panya wa kisiwani na wa bara, uhesabu watoto wanaofika kuachishwa ziwa. Machotara wakiwazidi wazazi wao, mzigo wa jeni mbaya bado upo.

Wanaonichosha zaidi ni wauza mbwa na njiwa wa “damu safi”, wanaodai kwamba kupandisha ndugu kwa ndugu kumeondoa kasoro zote. Watazame panya wa maabara wa ukoo wa C57BL/6, ulioanzishwa 1921: wamepandishwa ndugu kwa ndugu vizazi zaidi ya 200. Hakuna mfugaji wa mbwa atakayefika huko. Na bado wote wana hitilafu kwenye jeni ya Cdh23 inayowaondolea usikivu kadiri wanavyozeeka. Piga makofi nyuma ya mzee wa miaka 2: mara nyingi sikio halichezi. Koo nyingine nyingi zilizojaribiwa hivyo zilikufa njiani, na hizo hakuna anayekuonyesha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, omba daftari la watoto waliokufa. Mimi nimeliomba mara nyingi, sijaletewa hata moja.