Askari wako umemweka wapi? Kwa mafundi wapya mnaosimika Uptime Kuma

Wadogo zangu,

Kila kundi jipya la mafundi likiingia kazini hapa Kampala, wiki haiishi kabla mmoja hajaleta simu yake huku uso umejaa furaha: Uptime Kuma, ile programu inayopima kila mara kama tovuti na seva ziko hai na kutuma arifa zikianguka, inafanya kazi, monita 12 (kila moja inapima huduma moja), zote kijani, asilimia 100. Kazi ni nzuri na furaha ni halali. Lakini swali la kwanza kumuuliza huwa lilelile, na jibu pia huwa lilelile. Hiyo yenyewe umeiweka wapi? "Kwenye seva hiyohiyo, mzee. Nafasi ilikuwepo."

Basi haya yanaandikwa kwa mapenzi, na kwa uvumilivu uliobaki kidogo. Docker, SSH na Nginx mnazijua, sitazifundisha.

Jina kwanza. Kuma kwa Kijapani ni dubu. Kwa Kiswahili mnajua ni nini, na halitajwi mbele ya wakwe wala mbele ya mteja. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza kontena liite `askari`, subdomeini iite `hali`, ubadilishe kichwa cha ukurasa wa hali (ule unaomwonyesha mteja kama huduma ziko hai) na uzime ule mstari wa chini unaotaja programu, ndipo umtumie mteja kiungo. Humu nami nitamwita askari.

1. Askari asilale ndani ya nyumba anayoilinda

Hili ndilo kosa linaloumiza, na sisi tuliowatangulia tumelitenda karibu sote, kwa hiyo silisemi kwa kuwadharau. Huanza kwa nia njema. Seva ina RAM ya kutosha, bajeti ni finyu, askari anakula kidogo, basi anawekwa kando ya tovuti, hifadhidata na barua pepe. Miezi inapita kimya. Kila mtu anauchukua ule ukimya kuwa ni uzima.

Kisha usiku mmoja logi zinajaza diski. MySQL inashindwa kuandika, tovuti inalala. Askari naye huandika kila kipimo kwenye hifadhidata yake ya SQLite, na faili hilo liko kwenye diski ileile iliyojaa, kwa hiyo anaganda palepale pamoja na wale aliotakiwa kuwalilia. Hakuna ujumbe unaotoka. Wa kwanza kujua ni mteja, asubuhi, kwa simu.

Na hapo uchungu haujaisha. Diski ikisafishwa na seva ikawashwa upya, askari anaamka bila kujua kwamba alikuwa amelala. Kwa saa alizolala, tuseme sita, hana alama yoyote nyekundu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuiweka. Safu ya alama za kijani inaunganisha jana jioni na leo asubuhi kama kitambaa kilichoshonwa vizuri. Mwisho wa mwezi asilimia inatoka safi, inachapishwa, inapelekwa kwa mteja ambaye alikaa saa sita bila huduma. Karatasi za namna hiyo tumezipeleka kwa mikono yetu wenyewe, tukiamini kabisa tulichokiandika. Mteja akiishika haoni kosa la SQLite. Anaona mtu anayemdanganya, na kumrudisha ni kazi ya mwaka mzima.

Mkishaambiwa hili, wengi wenu mnakimbilia nusu ya dawa: mnanunua Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na kuiweka kwenye kabati lilelile la ofisi. Fuateni waya kwa macho. Umeme ukikatika, seva imeshikwa na UPS (betri ya akiba), Pi imeshikwa na UPS, lakini ruta imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Askari yuko macho, anaona kila kitu, anaandika kila kitu, na mdomo umefungwa. Ujumbe wa Telegram ulioshindwa kutoka hauwekwi foleni usubiri intaneti irudi, umepotea. Ruta nyingi za ofisini zinatumia volti 12, kwa hiyo UPS ndogo ya volti 12 inatosha kuibeba. Angalia amperi zilizoandikwa kwenye adapta kabla ya kununua. Na Pi isiendeshwe kwa kadi ya SD, maana SQLite huandika mchana na usiku na kadi itachoka. Mpe SSD ya USB.

Dawa kamili ni askari wawili. Mmoja kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo nje ya nchi, RAM ya GB 1 inamtosha. Wa pili hapa mjini, kwenye laini ya mtoa huduma tofauti na yule anayebeba seva zenu. Kila mmoja amwekee mwenzake monita, ili mmoja akifa yupo wa kumlilia.

Faida ya wawili inaonekana siku ya tatizo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Uganda haina pwani. Nyaya hizo tunazifikia kwa kupitia majirani. Siku kama ile askari aliyeko Ujerumani anaweza kuona seva ya Kampala nyekundu, huku mteja wa Ntinda anaifungua tovuti bila shida, kwa sababu mtandao wake na wenu vimekutana kwenye UIXP, kituo ambapo mitandao ya Uganda hubadilishana trafiki, hapahapa mjini na njia haiendi baharini. Ukiwa na askari wa nje peke yake, utapanda boda usiku kwenda kuwasha upya seva isiyo na kosa. Nje nyekundu na ndani kijani: tatizo liko njiani, waandikie wateja wa nje, seva usiiguse. Ndani nyekundu na nje kijani: chunguza laini ya askari wa ndani. Wote nyekundu: vaa viatu.

2. Poti 3001 isiwe wazi kwa dunia

Askari husikiliza kwenye poti 3001. Amri ya kumsimika mnayoinakili kila siku ina `-p 3001:3001`, kisha mnaandika `ufw deny 3001` kwenye ufw (kinga-moto ya seva) na kulala. Haizuii. Docker huingiza kanuni zake kwenye iptables (kichujio cha trafiki cha Linux) mahali ambapo trafiki ya kontena hupita bila kukutana na kanuni za ufw. Ifunge kwenye anwani ya ndani:

`docker run -d --restart=always --name askari -p 127.0.0.1:3001:3001 -v askari-data:/app/data louislam/uptime-kuma:2`

Uharaka wake ni huu: anayefungua ukurasa wa kwanza ndiye anayetengeneza akaunti ya msimamizi. Ukienda kunywa chai kabla ya kuufungua, roboti za mtandaoni hazinywi chai. Fungua kwanza kupitia `ssh -L 3001:127.0.0.1:3001`, tengeneza akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, ndipo uweke Nginx mbele. Kwenye Nginx msisahau `proxy_http_version 1.1` na vichwa vya `Upgrade` na `Connection`. Bila hivyo ukurasa unafunguka halafu unalalamika kwamba haufiki kwenye soketi, na nyinyi mnaanza kuvunja kontena lisilo na kosa. Nenosiri likipotea: `docker exec -it askari npm run reset-password`.

Volyumu isikae kwenye NFS (diski inayofikiwa kupitia mtandao). SQLite inategemea kufuli za faili, na NFS haziheshimu vya kutosha.

Anayepandisha kutoka toleo la 1 kwenda la 2: simamisha kontena, nakili volyumu nzima, kisha pandisha na usiguse kitu. Hifadhidata inapangwa upya, na kwa historia kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Aliyeikatiza katikati kwa kudhani imekwama atakumbuka ile nakala.

3. `localhost` ndani ya kontena ni kontena lenyewe

Ukiona `ECONNREFUSED 127.0.0.1` (muunganisho umekataliwa), askari anajigonga mlango wake mwenyewe. Tumia IP ya seva, au jina la kontena lililo kwenye mtandao uleule wa Docker.

4. Kipindi na marudio

Mnapenda kupima kila sekunde 20 kwa sababu ni kipindi kifupi. Monita 40 kwa sekunde 20 ni vipimo 172,800 kwa siku. Kwa sekunde 60 ni 57,600, na mteja wa duka la Kikuubo hatajua tofauti. Punguza pia siku za kuhifadhi historia ziwe 60 hivi.

Marudio (mara anazojaribu tena kabla ya kutangaza kosa) yakiwa 0, pakiti chache zikipotea tu simu inalia. Weka kipindi cha sekunde 60, marudio 3, na sekunde 20 kati ya marudio. Tovuti ikianguka mara tu baada ya kupimwa, arifa itafika ndani ya dakika 2, ukiongeza muda wa taimauti (kikomo cha kusubiri jibu) kama muunganisho unaning'inia badala ya kukataliwa. Katika marudio monita huwa kwenye hali ya kusubiri. Si nyekundu bado, msianze kupigiana simu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu simu inayolia mara 15 usiku bila sababu hunyamazishwa, na ya 16 ndiyo ya kweli. Msimlaumu aliyeinyamazisha.

Monita zote zikigeuka nyekundu kwa sekunde moja na ujumbe ni `EAI_AGAIN`, seva zenu ni nzima: DNS ya askari (inayogeuza majina kuwa anwani za IP) imekufa. Mpe DNS ya pili.

5. Jibu la 200 si ushahidi

200 ni namba ambayo seva hujibu kusema "sawa". Ukurasa mweupe unaweza kurudisha 200. Ukurasa wa matangazo unaowekwa domeini ya `.ug` ikisahauliwa kulipiwa unaweza kurudisha 200. Tumia monita ya neno, na chagua neno linalotoka kwenye hifadhidata, kama jina la bidhaa isiyobadilika. Neno la kwenye kichwa cha ukurasa halitaonyesha kwamba MySQL imelala.

6. Cheti

Cheti cha HTTPS cha kawaida cha Let's Encrypt huishi siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha. Kisanduku cha kukuarifu cheti kinapokaribia kuisha lazima ukitie alama kwenye kila monita ya HTTPS. Kawaida yake ni siku 21, 14 na 7. Certbot, programu inayohuisha cheti, huanza kujaribu siku 30 kabla, kwa hiyo arifa ya siku 21 ina maana kwamba imekuwa ikishindwa kwa zaidi ya wiki. Ishughulikieni siku hiyohiyo. Sababu ya kawaida ni poti 80 iliyofungwa na mtu aliyedhani haina kazi. Na kile kisanduku cha kupuuza makosa ya TLS, mlichokitia alama siku ya kwanza ili rangi iwe kijani, kiondoeni. Kikiwepo, cheti kitakufa na askari atasema ni salama.

7. Bekapu iliyolia "OK" kila usiku

Monita ya Push hufanya kazi kinyume: askari hakuulizi, anasubiri wewe umwite, na usipoita kwa wakati analia. Ndiyo inayofaa kwa kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba). Lakini tazameni mnavyoiandika: `mysqldump duka | gzip > db.sql.gz && curl https://.../api/push/TOKENI?status=up&msg=OK`. Kuna makosa mawili katika mstari mmoja.

La kwanza, anwani haina alama za kunukuu. Ganda (shell) likiona `&` linazipeleka nyuma amri zote zilizo kabla yake, curl ikiwemo, na `msg=OK` inakuwa kigeu (variable) kisicho na kazi. La pili ni baya zaidi. Hali ya kutoka (exit status) ya bomba, yaani amri zilizounganishwa kwa `|`, ni ile ya amri ya mwisho. Nenosiri la MySQL likibadilishwa, mysqldump inashindwa, gzip inabana utupu kwa mafanikio makubwa, faili la baiti 20 linazaliwa, na curl inaripoti heri. Tumekuta folda za namna hiyo: mafaili 90 ya baiti 20, yamepangwa kwa tarehe, na monita kijani. Andikeni skripti ya bash, cron iiite:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
F=/bekapu/db-$(date +%F).sql.gz
mysqldump --single-transaction duka | gzip > "$F"
[ "$(stat -c %s "$F")" -gt 1000000 ]
curl -fsS -m 10 --retry 3 "https://ANWANI/api/push/TOKENI?status=up&msg=OK"
```

Ile 1000000 ibadilisheni kulingana na ukubwa wa bekapu yenu. Kwa kazi ya kila siku, kipindi cha monita kiwe sekunde 90000, yaani saa 25, ili usiku ambao bekapu inachelewa kidogo usiwaamshe. Diski nayo mnaweza kuilinda kwa njia hiyohiyo: skripti ipime `df`, na iite tu kama matumizi yako chini ya asilimia 85. Askari huyu hapimi CPU wala RAM. Kwa hizo kuna Netdata au Prometheus.

8. Arifa zipite njia mbili, na saa isomwe sawa

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Telegram peke yake haitoshi. Ongezeni barua pepe, na kwa askari wa ndani modemu yenye laini ya simu itume SMS. Kundi la Telegram likipandishwa kuwa kundi kubwa (supergroup), namba yake ya utambulisho (chat ID) hubadilika na kuanza na -100. Arifa zitakoma bila kelele mpaka muiweke mpya.

Wekeni eneo la saa `Africa/Kampala`. Arifa ya 00:10 kwa UTC ni 03:10 hapa, na 03:10 ni saa tisa na dakika kumi usiku. Kijana mmoja aliandika kwenye daftari la zamu "saa tatu na dakika kumi usiku", na siku nzima ikaliwa na kutafuta kosa kwenye logi za 21:10. Kwenye daftari andikeni tarakimu za saa 24. Mkizungumza, semeni Kiswahili chenu.

9. Ivunjeni wenyewe

Kabla ya kumkabidhi mteja, simamisha Nginx kwa `systemctl stop nginx` na ushike saa mkononi. Andika sekunde ngapi zimepita mpaka simu ilie, na ni simu ya nani. Kisha chomoa waya wa mtandao wa seva. Kisha zima swichi kuu ya umeme ya chumba uone ni kifaa gani kinakufa kwanza. Mara nyingi ni ruta. Mwisho, chomoa askari wa ndani, kaa chini, usubiri yule wa nje akupigie.