Swichi ya feni kwenye dashibodi: kwa nini iliyeyuka, na iungwe vipi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ninayobebea bidhaa kati ya Muheza na Amani. Ilikuwa ikichemsha kila nikipanda mlima, lakini nikifika barabara tambarare inapoa yenyewe. Fundi mmoja alikata waya wa sensa ya feni, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri hadi swichi ya dashibodi, na kutoka hapo hadi kwenye feni. Baada ya wiki mbili swichi ilianza kunuka, kisha ikayeyuka. Je, nitafute swichi kubwa zaidi, au wazo lenyewe halifai? Msomaji, Muheza.

JIBU: Marahaba. Wazo linafaa, kilichokosewa ni njia. Swichi kubwa zaidi itachelewa tu kuyeyuka.

Feni ya gari dogo la volti 12 hula takriban ampea 10 hadi 20 ikiwa imeshika kasi, na inapoanza kuzunguka hula mara mbili au tatu ya hapo kwa muda mfupi. Umeme wote huo ulipitishwa kwenye vibati viwili vidogo vilivyomo ndani ya swichi. Vibati hivyo vikiungua kidogo tu, ukinzani ukafika sehemu moja ya kumi ya omu, ampea 15 zinazopita hapo huzalisha joto la wati zaidi ya 22, ambalo ni sawa na kuficha chuma kidogo cha kulehemea ndani ya plastiki ya dashibodi. Swichi za namna hiyo huletwa hapa Ngamiani, Tanga, mara kwa mara: ukiifungua unakuta plastiki imeyeyuka upande mmoja, na ngozi ya waya, iliyokuwa nyekundu, imegeuka rangi ya karafuu kwa urefu wa kidole. Una bahati kwamba kilichoungua ni swichi na si gari, hasa ikiwa waya huo ulitoka kwenye betri bila fyuzi.

Kwa maelezo yako, gari linalochemsha likipanda polepole kwa gia nzito na kupoa likipata upepo wa barabarani lina tatizo la feni kwanza. Lingekuwa linachemsha hata kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ningekushauri usahau feni na ukague rejeta, thamostati, pampu ya maji na kifuniko cha rejeta, kwa kuwa kwa mwendo huo upepo wenyewe hutosha kupoza.

Sasa nije kwenye gari lako, kwa sababu Corolla nyingi za miaka hiyo zina utaratibu ambao mafundi wengi huusoma kinyume. Injini ikiwa baridi, sensa ya feni huunganisha njia ya umeme hadi kwenye bodi (bati la gari, upande wa hasi), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa koili) inavutwa, na feni inazuiwa kuzunguka. Maji yakifika takriban nyuzi 93 za Selsiasi, sensa hukata njia hiyo, rilei inaachia, na feni inaanza. Waliobuni walikusudia kwamba waya ukikatika popote, feni izunguke badala ya kulala. Ndiyo maana napata shaka na hatua ya kukata waya wa sensa: katika mfumo huo, kuukata pekee kulitosha kuiwasha feni. Kama haikuzunguka, basi fyuzi, rilei, mota au mahali waya unaposhika bodi pana hitilafu, na waya mpya uliifunika bila kuiponya.

Fanya hivi. Ondoa waya wote ulioongezwa, unganisha upya waya wa sensa, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha chomoa kiunganishi cha sensa ya feni (usiichanganye na ile ya geji). Feni ikivuma, mfumo wako ni mzima na huhitaji rilei mpya: kata waya huo wa sensa mahali pamoja na upitishe kwenye swichi ndogo ambayo kwa kawaida inapitisha umeme na ukiibonyeza inakata. Waya huo hubeba umeme mdogo tu wa koili, chini ya nusu ampea, kwa hiyo swichi haitapata hata vuguvugu, na sensa itaendelea na kazi yake kama zamani siku utakapojisahau.

Feni isipovuma, ipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi, kabla ya kununua chochote. Mota ikiwa imekufa, swichi haina la kusaidia.

Wasomaji wenye magari ambayo rilei ya feni huvutwa injini ikipata moto watahitaji rilei ya pili ya ampea 30 au 40. Mguu wa 30 upate umeme wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Mguu wa 87 uende kwenye waya chanya wa feni, kwa waya wa milimita za mraba 4. Mguu wa 86 upate umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa. Na mguu wa 85 uende kwenye swichi, kisha kwenye bodi. Napendelea swichi ikae upande huu wa bodi kwa sababu waya wake ukichubuka na kugusa bati, feni huzunguka tu, wala hakuna fyuzi inayokatika. Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayopanga kasi ya feni yasiguswe kwa njia hii.

Kwa sisi wa pwani, nakaza jambo moja: kwangua rangi mpaka bati jeupe mahali pa kufungia waya wa bodi, kaza bolti, kisha paka grisi juu yake, maana hewa ya chumvi hula kiungo kikavu kwa muda mfupi. Waya unaopita ukutani mwa injini uvishwe mpira.

Ukimaliza, acha injini ingurume gari likiwa limesimama, bila kuiwasha feni kwa swichi, hadi feni ianze yenyewe. Hapo ndipo utajua sensa inafanya kazi. Halafu iwashe feni kwa swichi, subiri dakika kumi, na uguse swichi kwa kidole. Ikiwa na joto lolote, rudi kwenye waya, kwa maana umeme wa feni bado unapita hapo.