Msisubiri Ukuta Usimame

Tangu nilipotangaza hapa kwamba mwekezaji wa pili amekubali kurudisha majengo yake nyuma na kuiacha mikoko yetu kama ilivyo, simu yangu haijatulia. Pongezi nazipokea kwa moyo mkunjufu, maana tumezitolea jasho. Ila kuna ujumbe mmoja siwezi kuujibu kwa maneno mawili. Binti wa Kwale, Kenya, upande wa pili wa mpaka, ameandika: "Shikamoo dada. Huku kwetu watu wameanza kupima ufuo na kupigilia vigingi. Wazee wanasema tungoje tuone. Nyinyi mlianzia wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wenye swali lako ni wengi, na kila anayenisoma hapa anataka kuiona pwani yake ikiwa hai. Msingoje. Kungoja ndiko kulikotuponza mara ya kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Mkinga, kaskazini ya Tanga. Nimelima mwani tangu nikiwa msichana, na sasa ni katibu wa BMU ya kijiji chetu, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia ufuo na uvuvi. Mradi wa kwanza ulikuwa hoteli. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa kitabu kizima cha Kiingereza, kimewekwa ofisini mjini, na nauli ya kukifuata ilikula mauzo ya siku nzima ya samaki. Mkutano wa kutoa maoni ukaitishwa asubuhi ya bamvua, zile siku maji hujaa na kutoka kuliko siku zote, maji yametoka mbali, wanawake wote wako kwenye mwani na pweza. Tuliofika tulikuwa wachache. Nikanyanyuka nikauliza: huo ukuta uliochorwa mbele ya hoteli, mchanga wetu utaupeleka wapi? Mtaalamu wa mwekezaji akanitazama, akasema, "Mama, wewe umesomea nini?"

Watu wakacheka. Wengine waliocheka ni ndugu zangu wa damu.

Swali lile sijalisahau, na sioni sababu ya kujifanya nimelisahau. Ukuta ukajengwa. Wimbi likija kwenye ufukwe wa mchanga hupanda, huchoka, hurudi taratibu, na mchanga mwingi huuacha pale pale. Likikuta zege halina pa kuchokea. Linarudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio chini ya ukuta, na pale ukuta unapoishia maji hujipinda na kula ardhi ya jirani. Jirani ni sisi. Diko letu, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, lilikuwa mteremko mpole wa kuvutia ngalawa. Leo ni genge lenye mizizi ya minazi inayoning'inia, na ngalawa zinatiwa nanga nje usiku kucha. Mililana na michu, ile mikoko inayotangulia mbele kabisa kupokea bahari, ilifyekwa ili wageni waone maji vizuri. Kamba wadogo waliokuwa wakikulia kwenye mizizi yake wamekwenda nayo. Kila nikipita pale najiambia nilichouliza kilikuwa sahihi, na hakuna aliyekuja kuniambia hivyo mpaka leo.

Basi jambo la kwanza, mdogo wangu: anzeni kuandika. Leo, kabla hata ya kujua jina la mwekezaji. Sisi tuna daftari la kawaida la mistari, limevalishwa nailoni. Kila jioni dikoni anayejua kalamu anaandika tarehe, siku ya ngapi tangu mwezi uandame, upepo gani, maji safi au yamechafuka, dema, ule mtego wa fito, limetoa nini, mshipi umetoa nini. Ukurasa mmoja naupenda kuliko yote. Shemeji yetu mmoja wa Vanga, upande wa Kenya, aliyekuwa ametega karibu na mlango wa mto Umba, alifika kwetu na dema lake baada ya mvua kubwa za vuli. Ndani mlikuwa na tasi wawili tu, na fito za dema zimeganda tope jekundu. Akalisugua kwa vidole, akalinusa, akasema, "Hili si la baharini, hili ni la mlimani." Tukaliandika kama alivyolisema. Na kweli, Umba huanzia milima ya Usambara huku Tanzania na kumwaga maji yake Kenya. Msitu ukifyekwa Lushoto, udongo unakwenda kutua juu ya matumbawe na nyasi za bahari za Vanga, unaziba mwanga, na pasipo mwanga havioti. Mpaka uliochorwa kwenye ramani tope halikuuona.

Daftari ndilo lililotupa mdomo mara ya pili. Unaposema "samaki wamepungua" mbele ya wataalamu, wanatabasamu. Unapofungua kurasa zenye tarehe, wanaomba miwani.

La pili ni vipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Vizuri. Lakini ukingo uko wapi? Huku kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka hata kufikia karibu mita 4, na mahali palipo tambarare tofauti hiyo ni mwendo mrefu wa miguu. Ramani ya mwekezaji wa pili ilipoletwa, mstari wa bahari ulikuwa umechorwa pale maji yanapofika siku za maji mafu, yasipopanda sana. Mtu wa mjini hawezi kuligundua hilo. Mama anayefunga mwani analiona akiwa amesimama tu. Bamvua lilipofika tukatoka, wazee kwa vijana, tukapigilia vigingi kila maji yalipogusa, mwenyekiti wa kijiji akashuhudia, mtendaji akatia muhuri kwenye karatasi yetu. Kuanzia vigingi vile tukavuta kamba ya mita 60. Ikaingia katikati ya vyumba vilivyochorwa. Tukapeleka nakala wilayani na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, na kila nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huko Kenya sheria na taratibu ni nyingine, ila nyinyi nanyi ulizeni: mstari huu ulichorwa maji yakiwa wapi?

La tatu ndilo watu wanalolidharau. Iteni majirani wa upande wa pili. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, na upepo wa kusi ukivuma unakwenda mbio zaidi. Linalomwagwa Dar es Salaam na Tanga lina njia ya kuwafikia nyinyi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Fikiria ile miaka miwili ya katikati: ufukwe mmoja una sheria, ufukwe wa pili hauna, na bahari ni moja. Serikali zetu zinajua hilo. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari hii ulitiwa saini mwaka 1985 na ukaanza kufanya kazi 1996. Nchi 10 zimo, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa vya Komoro, Madagaska, Mauritius, Ushelisheli, na Ufaransa kwa ajili ya Réunion. Mwaka 2010 ikaongezwa itifaki ya uchafuzi unaotoka nchi kavu. Karatasi zipo. Lakini karatasi haipigilii kigingi. Anayepigilia ni wewe.

Kwa hiyo mkutano wa mradi wa pili tuliwaita watu wa Vanga. Mwekezaji aliposema mikoko ile ni kichaka cha mbu kisicho na faida, akasimama mama mmoja wa huko, kanga yake ya buluu kaifunga kiunoni. Akaeleza jinsi watu wa Gazi, huko huko Kwale, wanavyouza hewa ya ukaa ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kuitunza mikoko inayofyonza hewa hiyo, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Jinsi na wao Vanga walivyofuata njia hiyo hiyo. Akataja na mizinga ya nyuki ndani ya mikoko. Ukumbi kimya. Hakuna aliyemuuliza amesomea nini. Nililia, na sikujificha.

Mnaotaka mfano mkubwa zaidi, mnao Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa umeshapewa leseni ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likaifuta, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu hawakushinda kwa kelele peke yake. Walikata rufaa, walikuwa na hoja, walikuwa na kumbukumbu za nani aliitwa na nani hakuitwa. Kwa hiyo ukienda mkutanoni andika pia hilo: nani aliitisha, saa ngapi, kwa lugha gani, waliohudhuria wangapi. Ukinyimwa nafasi ya kusema, andika kwamba umenyimwa.

Sasa niseme na sisi wenyewe. Vijana wangu, mnauza viwanja vya ufukweni kwa bei ya pikipiki, kisha mnakuja kwenye BMU kulalamika kwamba njia ya kushukia baharini imefungwa. Acheni. Kabla hujatia dole gumba kwenye karatasi ya mauziano, mpeleke mnunuzi pale siku ya bamvua, mwoneshe maji yanapofika, na njia ya wavuvi iandikwe kwenye karatasi hiyo. Wazazi, mnakata mikandaa, nayo ni mikoko vile vile, mpate kuni, huku mnataka hoteli isikate mililana. Tutasimama na uso gani mbele ya mwekezaji?

Na wenye nyumba za wageni, wakubwa kwa wadogo, maji ya choo chako yanakwenda wapi? Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu matupu. Shimo ukilichimba hapo bila kulijengea sakafu na kuta, uchafu haukai shimoni. Unapita kwenye mawe hadi baharini, unarutubisha mwani-pori unaofunika matumbawe, na mteja wako anaogelea humo humo. Shimo lijengewe na lipakwe saruji, linyonywe na gari likijaa, na liwe mbali na ukingo wa bamvua. BMU yetu imeanza kupita nyumba kwa nyumba kukagua, na tutaanza na za wajumbe wenyewe.