Mti wangu wa udi haunukii. Niupige sindano?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Miaka minne iliyopita nilinunua miche ya mti wa udi, nikaambiwa asili yake ni Malaysia. Nimeipanda shambani kwangu na imestawi, sasa imenipita kimo. Juzi nilikata tawi, nikalikausha na kulitia chetezoni: moshi mtupu, harufu hakuna. Muuzaji anasema mti lazima upigwe sindano ya dawa anayoiuza mwenyewe, halafu baada ya miezi mitatu navuna. Je, nimeuziwa mti sio? Na sindano hiyo nikubali? (Msomaji, Muheza)

Jibu: Marahaba. Sindano hiyo usikubali. Kuhusu mti, huenda umeuziwa wenyewe. Tawi kutonukia hakuthibitishi lolote.

Hapa ndipo karibu kila anayeniuliza habari za udi anapokwama. Watu wanaamini udi ni mbao ya mti fulani, basi ukiwa na mti una udi. Sivyo. Mbao ya mti wa udi (jina lake la kisayansi Aquilaria malaccensis) usioguswa na ugonjwa ni nyeupe, laini, nyepesi, na hainukii hata ukiichoma kutwa nzima. Kinachonukia ni utomvu mzito ambao mti huutengeneza kujikinga pale shina linapojeruhiwa na kuvu ikaingia. Huko Assam, India, mara nyingi anayefungua njia ni kiwavi anayetoboa shina. Kuvu hufuata ndani ya vitundu vyake, na kadiri miaka inavyokwenda mbao ya pale hugeuka kahawia, kisha nyeusi. Sogea pembeni kidogo tu, unakuta mbao nyeupe ileile.

Kwa nje ni vigumu kujua mti upi una utomvu, na porini ni michache iliyo nao. Ndiyo maana katika misitu ya Sumatra, Borneo na rasi ya Malaysia wakataji huangusha mti baada ya mti, na ukikutwa mweupe huachwa uoze. Mti huu uliwekwa mwaka 1995 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; walio kwenye orodha hiyo huuzwa nje kwa kibali tu, na miaka kumi baadaye jamii yote ya Aquilaria ikafuata. Hata hivyo, leo unahesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Sasa sindano. Wakulima wa Vietnam na Indonesia kweli hutoboa mashina na kupandikiza kuvu, na hiyo ni kazi halali ya kitaalamu. Wanafanya hivyo kwenye shina lililonenepa, kwa kuvu inayojulikana, kisha wanasubiri. Anayekuahidi mavuno kwa miezi mitatu kutoka chupa isiyo na lebo anakuibia. Kuna wanaoingiza tindikali: mbao inaungua, inageuka nyeusi, mteja anadhani ni udi. Na kama ndani ya chupa kuna kuvu hai isiyojulikana, unaingiza ugonjwa shambani kwako na kwa jirani zako.

Mti wenyewe uhakikishe hivi. Gome lake huchunika kwa nyuzi ndefu zenye nguvu. Majani hung'aa na hupishana kwenye kitawi. Ukizaa, tunda la kijani hupasuka na mbegu hubaki zikining'inia kwa uzi mwembamba. Zikianguka zipande haraka, kwani hazihifadhiki. Peleka kitawi chenye maua au matunda kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa kwa utambuzi) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao watakupa jina, si bei.

Nawaonya pia wanunuzi wa Unguja, Mombasa na Muscat, kwa sababu udanganyifu ni uleule. "Udi wa porini" unaouzwa kwa siri bila kibali, hata ukiwa wa kweli, ni mti uliokatwa huko ambako imebaki michache. Na kile kipimo cha majini kinachosifiwa sana, kwamba udi mzuri huzama, matapeli wanakijua kuliko nyinyi: wanapachika madini ya risasi ndani ya kipande, au wanatumia mbao nyingine nzito na kuitia rangi. Mwambieni muuzaji akipasue mbele yenu. Utomvu wa kweli huonekana kama mistari isiyolingana iliyopenya ndani ya nyuzi za mbao. Kikiwa cheusi juu na cheupe ndani, ni rangi. Akikataa kukipasua, msinunue.