Baba ana saratani ya umio na anazidi kukonda: tumnunulie unga wa kopo?

SWALI: Baba yangu ana miaka 63 na saratani ya umio. Miezi minne iliyopita alikuwa na kilo 62, leo ana 51. Ugali haupiti tena, anakunywa uji tu. Jirani anatuuzia kopo la unga wa protini, vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini, anasema kilo zote zitarudi. Tununue? Msomaji, Babati.

JIBU: Pole sana, dada, kuuguza mzazi ni kazi nzito. Kilo 11 alizopoteza mzee ni karibu asilimia 18 ya uzito wake. Sisi watu wa lishe tunashtuka mgonjwa wa saratani akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita, kwa hiyo jambo hili lisingoje.

Anakonda kwa njia mbili. Ya kwanza mnaiona: uvimbe umebana njia ya chakula. Ya pili haionekani. Mwili unapopambana na saratani hutoa kemikali zinazokata hamu ya kula na kumega misuli, hali inayoitwa kakeksia. Hiyo ndiyo sababu wengine hukonda hata wakila, na kwa hali hiyo hakuna kopo linaloweza kurudisha kilo zote. Anayewaahidi hivyo anawadanganya, hata kama anawatakia mema.

Mimi ningeanza na njia ya kumeza. Mwulizeni daktari kama mzee anafaa kuwekewa stenti, yaani kimrija cha nyavu kinachoshikilia umio wazi. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imewawekea wagonjwa wengi, maana saratani hii imeelemea sana ukanda wetu. Ulizeni pia kuhusu mionzi na mpira wa kulishia. Nauli ya kwenda kuuliza hayo ina faida kuliko kopo.

Unga wa protini si mbaya. Ni chakula, si dawa. Soma lebo uone kipimo kimoja kina gramu ngapi za protini, kisha linganisha bei yake na mayai na maziwa. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8. Kwa kilo zake 51, mzee anahitaji walau kalori 1,300 hadi 1,500 kwa siku, na protini gramu 51 hadi 76, labda daktari awe amemzuia kwa sababu ya figo.

Mafuta ya samaki yamejaribiwa sana na majibu yanapingana. Mwongozo wa 2020 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, haukuona ushahidi wa kutosha kuyapendekeza. Vitamini za dozi kubwa nazikataa kabisa: baadhi yake zinaweza kuingilia kazi ya mionzi na dawa za saratani. Chochote anachomeza, hata mizizi ya kuchemsha, daktari wake akijue.

Sasa uji wenyewe. Uji mwepesi wa mahindi ni maji matupu yenye rangi. Pika mzito, karibu kama ugali laini, uepue, uache upoe hadi kidole kivumilie. Koroga kijiko kimoja cha kimea cha ulezi, kile kile cha togwa. Baada ya dakika chache utauona unalegea wenyewe hadi unanyweka, na unga wote bado umo ndani. Urudishe jikoni uchemke, halafu tia maziwa, siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa na kijiko kikubwa cha mafuta ya kula. Hicho cha mafuta peke yake kina kalori kama 120. Chuja kama kuna chembe. Mpe nusu kikombe kila saa mbili, akiwa amekaa wima, wala asilale mara baada ya kunywa.

Ila kama amepitisha siku nyingi karibu bila kula, msimjaze kwa pupa. Chumvichumvi za damu zinaweza kushuka ghafla na moyo ukadhurika, hivyo kiasi cha kuanzia kipangwe hospitalini. Na siku akishindwa kumeza hata maji au mate yake, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo.