Mnaoanza fomu faivu HKL, jina la riwaya msiliache mwisho

Wadogo zangu mlioingia fomu faivu na kombi yenu ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kuna swali mtakutana nalo mpaka mchoke, lile la "jina la kitabu linasadifu yaliyomo, jadili", yaani onyesha jina linavyoendana na yaliyo ndani. Wengi wanaliona jepesi, kwaiyo wanakariri madesa, zile notsi za kupeana, wanaandika jina linasadifu kwa kuwa kuna migogoro mingi, afu wanaorodhesha migogoro sita basi. Na mimi nilifanya hivyohivyo kwenye Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, mwalimu akarudisha karatasi kaandika maneno mawili tu kwa peni nyekundu pembeni: nani anavuta? Sikuwa na jibu, na kitabu nilikuwa nimekisoma mara mbili.

Sasa fanyeni hivi, kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza likalieni jina kama sentensi. Ile n' ni "ni" imefupishwa kama watu wa pwani wanavyoongea, kwaiyo ni "vuta, nikuvute". Vuta anaambiwa mtu mmoja, wewe. Nikuvute ndani yake kuna mimi na wewe wote wawili. Kwaiyo ukilifungua jina unakuta watu wawili wameshika kamba moja, na anayeongea hajasema niache wala nionee huruma, anasema vuta tu na mimi nakuvuta. Sisi tumezoea kulisikia kwenye habari, kuna vuta n'kuvute kati ya fulani na fulani, mpaka tumesahau kwamba ndani kuna mtu anajibu.

Ukiingia na hilo kichwani kitabu kinabadilika kabisa. Madesa mengi yanamwandika Yasmin kama binti aliyeonewa basi, kaozeshwa kwa Bwana Raza mzee aliyemzidi umri kwa mbali, na ni kweli kaonewa, lakini jina linakataa uishie hapo, mana Yasmin anavuta pia. Anamkimbia mume, ndugu zake wanamkataa, anaenda kuishi kwa rafiki yake Mwajuma, anampenda Denge, mpigania uhuru ambaye jamii ya Yasmin isingemkubali hata kidogo. Kila hatua hapo kuna mkono unamrudisha na yeye anavutia kwake, na hilo ndo la kuandika kwenye mtihani, taja anayevuta, taja anayevutwa, sema kamba yenyewe ni nini, halafu onyesha yule anayevutwa anavutaje. Denge na serikali ya mkoloni Zanzibar, vilevile, polisi wakina Inspekta Wright wanamwinda na yeye haachi harakati zake. Ila mimi ninayoiona nzito zaidi ni ya Yasmin na Denge wenyewe kwa wenyewe, wanapendana kweli lakini mmoja anataka mtu wa kukaa naye na mwenzie kaiweka nchi mbele, hapo hakuna adui na kamba bado imekaza. Hii watu wanairuka sana, wanadhani mvutano lazima uwe na mbaya wake.

Njia nyingine ya kulipima jina ni kulibadilisha. Iite riwaya hii "Yasmin" uone unapoteza nini, Denge anageuka mpita njia tu. Iite "Harakati", Yasmin anapotea. Na sio mchezo wa darasani tu huu, umetokea kweli: riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria ya 1958 Things Fall Apart, jina kalitoa kwenye shairi la Yeats, mshairi wa Ireland, linaongelea mambo kusambaratika, jamii nzima. Kiswahili chake kikaitwa Shujaa Okonkwo. Hadithi ileile, lakini msomaji wa Kiswahili anaingia akimtafuta mtu mmoja, shujaa, na anaweza akafika mwisho anamlilia Okonkwo bila kuutazama Umuofia, jamii yake. Mimi jina hilo silipendi kwa sababu hiyo, japo linatamkika vizuri.

Mkifika kurasa za mwisho za Vuta n'kuvute, pale Yasmin anapoolewa na Bukheti, mwanamume mwingine, msikimbilie kuandika mgogoro umetatuliwa. Rudini kwenye jina, muulize Yasmin kaachia kamba au kavuta mpaka akapata upande wake. Mimi nasema kavuta, na Denge kule aliko bado ameshika.