Maswali ya Wasomaji: Wajibu wa Gregor Samsa

SWALI: Mhariri, mimi ni binti ninayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na tangu baba afariki ndiye ninayemtunza mama na wadogo zangu. Tumesoma na wenzangu hadithi ya Franz Kafka iliyotoka mwaka 1915, ambamo kijana Gregor Samsa, tegemeo pekee la nyumba yao, anaamka akiwa amegeuka mdudu mkubwa. Wenzangu wanasema alikuwa mtumwa wa kazi tu; mimi nilimwona mtu mwema. Je, nimesoma vibaya?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Hukusoma vibaya, dada yangu, ingawa wenzako nao wana hoja. Gregor anapoamka, miguu yake mingi myembamba inachezacheza mbele ya macho yake, lakini kinachomtia hofu ni saa iliyo juu ya kabati, kwa kuwa imekwisha kutimu saa kumi na mbili na nusu, na treni yake ilikuwa ya saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya kuzunguka akiuza vitambaa anaichukia, na anakiri kwamba lau si wazazi wake, wanaodaiwa na bosi wake, angekwisha kuiacha zamani. Hata hivyo, kijana huyo huyo alikuwa amepanga kumsomesha dada yake fidla katika chuo cha muziki na kuitangaza habari hiyo mkesha wa Krismasi, na mpango wa namna hiyo hautoki kwa mtumwa.

Uchungu wa hadithi hii mimi nauona penginepo. Gregor alipoanza kuweka fedha mezani, nyumba nzima ilifurahi. Baadaye wote wakazoea, wao kupokea na yeye kutoa, na ule uchangamfu ukapoa. Kisha inajulikana kwamba baba alikuwa na akiba, ikiwemo sehemu ya fedha alizoleta Gregor mwenyewe, ambayo ingelipunguza deni na kuisogeza karibu siku ya kuiacha kazi ile. Gregor hakasiriki, bali anaisifu busara ya baba yake, na kila nifikapo hapo hukifunga kitabu kwa muda.

Wewe unajua mambo yanavyokuwa wakati wa mbalamwezi, taa za wavuvi zinaposhindwa kuvuta dagaa na mzigo kuadimika sokoni. Mwezi huo mama yako anauona akiwa uani, naye anajua kwamba siku hizo ni za kujibana pamoja nawe. Kwa akina Samsa hapakuwa na ishara kama hiyo: baba alinyamaza kuhusu akiba, mwana akanyamaza kuhusu uchovu.

Baadaye baba anakuwa tarishi wa benki, mama anashona nguo za duka na dada anauza dukani, kumbe waliweza. Lakini kabla ya hapo, kila mazungumzo ya sebuleni yalipogusia haja ya kutafuta fedha, Gregor aliuachia mlango aliokuwa akisikilizia na kujitupa juu ya kochi la ngozi, mwili ukimwaka kwa aibu na huzuni. Warudishe wenzako kwenye ukurasa huo, muusome kwa sauti.